Soma Kosa la Kwanza, Mjomba

Ijumaa moja baada ya sala ya alasiri, saa ambayo mtu wa umri wangu aghalabu huwa ameketi barazani akingoja kahawa, mimi nilikuwa chumbani mbele ya kompyuta yangu ya mezani, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, nikiitazama skrini nyeusi ikimwaga maandishi kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuifuata. Mistari ilipita mia, ikapita mia mbili, na gharika ile ilipokoma sikuwa nimeshika kitu ila mstari wa chini kabisa, uliosema kwa ufupi wa karani aliyechoka kwamba pametokea Kosa namba 2. Kosa namba 1 lilikuwa lipi, na namba 3 lingefika lini, sikuambiwa.

Asili ya mkasa huu ni mapenzi yangu ya mashairi. Nina mpwa, mtoto wa dada yangu, ambaye riziki imempeleka Maskati, naye kwa huruma ya kumwona mjomba wake akihesabu mizani kwa vidole hata akapotea njiani, alijitolea kuniandikia programu ndogo ya kuifanya kazi hiyo. Wazo lenyewe si gumu: mstari wa tarbia wa kawaida hubeba mizani 16, yaani 8 za ukwapi na 8 za utao, na kwa kuwa silabi ya Kiswahili hukomea kwenye irabu, mwenye kuhesabu irabu huwa karibu amekwisha kuhesabu mizani, ghairi ya ile m ya mtu na mke isimamayo peke yake na kudai haki yake kamili. Programu aliiandika kwa lugha ya C, ile iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mnamo mwaka 1972, wala hakuniletea ikiwa tayari kutumika, bali alileta msimbo wake mtupu, kama seremala aliyeagizwa kabati akaleta mbao, misumari na kipimo, akasema: Mjomba, pigilia mwenyewe, ndipo utakapojua kabati ni kitu gani.

Yeye hutumia Linux. Kompyuta yangu hutumia Windows, na siko tayari kuifuta, maana humo mna barua na picha za miaka mingi. Kwa hiyo alinielekeza kwenye Cygwin, ambayo ni mtaa mzima wa Unix uliojengwa ndani ya uwanja wa Windows. Unix yenyewe ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara zile zile za Bell, mikononi mwa Ken Thompson na huyo huyo Ritchie, na tangu hapo imepata jamaa wengi, Linux ya Linus Torvalds ya mwaka 1991 ikiwa mmoja wao, jamaa wa tabia ingawa si wa damu. Cygwin ilianzishwa mwaka 1995 na Steve Chamberlain, mhandisi wa kampuni ya Cygnus, na kiini chake ni maktaba moja ikaayo baina ya programu na Windows mfano wa mkalimani: programu ikiomba kitu kwa lafudhi ya Unix, mkalimani hukiomba upya kwa lafudhi ya Windows, kisha hurudi na jibu. Lakini yapo maombi ambayo mwenye nyumba hana neno lake. Unix, mathalani, huzaa kazi mpya kwa kuirudufu kazi iliyopo nukta kwa nukta, jambo ambalo Windows haikulelewa nalo, na mkalimani hulazimika kuliigiza kwa taabu kubwa. Ndiyo sababu hatua ambayo huko Maskati ilichukua kitambo kidogo, hapa kwangu ilinipa wasaa wa kunywa vikombe viwili vya kahawa na kuvikosha.

Nikampigia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Programu yako imekataa."

"Imesemaje?"

"Imesema Kosa namba 2."

Akacheka, si kwa dharau. "Hapo mjomba imekuaga tu. Panda juu, ukasome kosa la kwanza."

Kauli hiyo ilinichoma kidogo, kwa sababu nimekula chumvi nyingi nikisahihisha maandishi ya watu, na sikutarajia kufundishwa kusoma na kijana niliyempeleka chuoni kwa mkono wangu. Lakini alisema kweli, na ukweli wake hauwezi kufahamika mpaka mtu ajue ni nani hasa asemaye ule mstari wa mwisho. Programu iitwayo make ni msimamizi wa ujenzi. Haijui C wala lugha nyingine yoyote; shughuli yake ni kulisoma faili la maagizo, kujua kipi hutegemea kipi, na kutuma mafundi. Folda zikiwa ndani ya folda, msimamizi mkuu humtuma msimamizi mdogo, na mdogo humtuma fundi mwenyewe, ile kompaila iitwayo gcc, ambayo ndiyo igeuzayo maandishi ya binadamu kuwa amri za mashine. Fundi akishindwa hurudisha tarakimu 1, maana yake nimeshindwa. Msimamizi mdogo hurudisha tarakimu 2, maana yake niliyemtuma ameshindwa. Na mkuu, ambaye hakushuhudia lolote kwa macho yake, ndiye anenaye mwisho kabisa. Basi mtu atokaye hapo akaisaka intaneti nzima akiuliza Kosa namba 2 la make ni ugonjwa gani, amefanana na mtu aliyepigiwa simu ya msiba akaipeleka simu kwa fundi.

Ujanani nilizoea kuketi na mafundi wa majahazi, na wao jambo hili hawahitaji kufundishwa na mtu. Jahazi likivuja, maji huonekana penye ngama, kwa kuwa tabia ya maji ni kuteremka. Lakini hakuna fundi kalafati atakayekwenda kuziba ngama. Hupanda akaufuata ubao mmoja mmoja hata aupate mshono uliotoka pamba, nao aghalabu huwa mbali sana na pale wenye chombo walipokuwa wakichota maji na kutukanana.

Kupanda huko, hata hivyo, kuna adabu zake. Kwa haraka za kizee nilikuwa nimeiamuru make iendeshe kazi 4 kwa wakati mmoja, na kazi 4 zikilalamika pamoja malalamiko huingiliana, la kwanza kutokea likawa si la kwanza kuonekana. Nikaambiwa nianze upya, kazi moja baada ya nyingine. Tena nikaambiwa nisiyatazame maneno yakipita, bali niyaelekeze yote katika faili, kwa kuwa Unix ina mifereji miwili ya maneno, mmoja wa habari za kawaida na mmoja wa makosa, na asiyeiunganisha huuhifadhi mfereji wa heri akaupoteza ule wa shari. Nilifanya hivyo, nikalifungua faili, nikaanza juu.

Kosa la kwanza, ajabu, halikuwa katika msimbo wa mpwa wangu. Lilitajwa ndani ya stdio.h, faili la Cygwin yenyewe, moja ya yale mafaili ya vichwa ambayo karibu kila programu ya C huyaita kabla ya kusema neno. Nikafurahi kwa furaha mbaya ya mtu aliyempata wa kumlaumu. Cygwin ni mbovu, nikamwambia. Akaniuliza kwa upole kama inawezekana faili linalotumiwa na watu duniani kote liwe limeharibika usiku wa kuamkia Ijumaa, tena kwangu mimi tu. Kisha akanitaka nisome kilichoandikwa juu ya kosa, kile nilichokiruka kwa kuwa hakikutamka neno kosa: mistari miwili ya nasaba, isemayo kwamba faili hili limeingizwa kutoka faili fulani, mstari wa kadha wa kadha. Nilipoifuata nasaba ile nikakuta kwamba kabla ya stdio.h kusomwa, lilisomwa kwanza faili liitwalo mizani.h. Na mizani.h, Mola anisamehe, nililifungua mwenyewe siku ya Alhamisi ili kuongeza nafasi ya kuhifadhia jina la mtunzi, na katika kuongeza nikafuta bano moja la kufungia.

Bano moja. Lakini kompaila haina dhana. Huenda na kile ilichoandikiwa, na maadamu bano halikufungwa, iliamini kwamba kila kilichofuata, stdio.h nzima pamoja na yote yaliyoitwa na stdio.h, yamo ndani ya maelezo yangu ya shairi, ikastaajabu kwa dhati, mstari baada ya mstari, kukuta humo vitu visivyopaswa kuwamo. Na kwa kuwa mafaili 7 ya C yote yaliliita mizani.h, na make ilikuwa imeagizwa isonge mbele hata likishindwa moja, mastaajabu yale yalirudiwa mara 7. Niliandika bano langu. Mistari yote ile, zaidi ya mia mbili, ikatoweka kwa pamoja kama kunguru waliopigiwa debe.

Nisidhaniwe kwamba gharika ile ndiyo iliyokuwa kizingiti cha kwanza. Vilitangulia viwili, na kimoja chao nakihesabu kuwa cha kuvunja moyo kuliko vyote, kwa sababu kosa lake halionekani kwa macho. Nilikuwa nimekifungua kijiprogramu cha matayarisho, kile kiitwacho configure, kwa programu ya kuandikia ya Windows, nikasahihisha neno moja, nikahifadhi. Nilipokiendesha kikalalamika kwamba amri fulani haikupatikana, na jina la amri hiyo lilikuwa si neno bali alama tu ya herufi isiyochapika. Herufi hiyo ni mabaki ya mashine za kale za simu ya maandishi, ambazo zilipomaliza mstari zilihitaji kuamriwa mara mbili: rudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari, kisha sogeza karatasi. Unix ilitosheka na amri moja ya mwisho wa mstari. DOS ilizirithi zote mbili kutoka mfumo wa CP/M, na Windows ikazirithi kwa DOS. Kwa hiyo kila mstari niliouhifadhi ulibeba mkiani herufi moja ya ziada, na Unix, isiyojua kwamba huo ni mwendo wa kichwa cha mashine iliyokwisha kufa, iliichukua kuwa sehemu ya amri. Dawa yake ni programu ndogo iitwayo dos2unix, nayo huponya kwa nukta moja. Lakini mtu angeweza kulikodolea macho faili lile mpaka magharibi asione taksiri yoyote.

Kizingiti cha pili kilinifundisha thamani ya daftari ambalo watu hawalifungui. Mpwa wangu alitaka programu iweze kusoma diwani zilizobanwa ili zisijaze diski, na kwa ajili hiyo akaitegemea zlib, maktaba ya Jean-loup Gailly na Mark Adler iliyotoka mwaka 1995, ambayo karibu haiwezekani kwa mtu wa leo kuikwepa, maana hata picha za aina ya PNG hubanwa kwa kanuni yake. Configure ikatamka kwamba zlib haipo. Nami nilijua kwa yakini kwamba ipo. Nilikwishaiona kwa macho yangu katika folda ya maktaba. Nani mwongo baina yetu? Hapana aliyesema uongo. Ukitumia Autoconf, chombo alichokianzisha David MacKenzie mwaka 1991 na ambacho ndicho huzaa hizi configure, kila swali lionekanalo kwenye skrini kwa neno moja la ndiyo au la, nyuma yake pana jaribio kamili: huandikwa programu ya mistari michache, hujaribiwa kujengwa, na yote yaliyotokea huandikwa kinaganaga katika faili liitwalo config.log. Nikalifungua. Mle ndani haikusemwa kwamba maktaba haipo; ilisemwa kwamba faili la kichwa, zlib.h, halikupatikana. Kumbe wenye kuandaa vifurushi huigawa maktaba moja mafungu mawili, fungu la wanaotumia na fungu la wanaojenga, kama vile mlaji atoshekavyo na mkate hali mwokaji ataka unga. Nikaongeza kifurushi kiitwacho zlib-devel, na lile la la ukaidi likageuka ndiyo.

Nitapita haraka juu ya siku nzima niliyoipoteza kwa sababu folda yangu katika Windows ina majina mawili, langu na la marehemu baba, yenye nafasi katikati, na make, ambayo kwayo nafasi ni mpaka wa neno, ikamtafuta baba yangu kama faili la pili. Niliuhamishia ujenzi katika folda ya jina moja, ikaisha.

Baada ya bano langu kurudi mahali pake, mafaili yote 7 yalikubali, nikadhani nimefika. Hapo ndipo ilipoingia programu ya kuunganisha, ambayo mafundi huiita linka, ikasema haiujui wito fulani wa zlib. Mshangao wangu ulikuwa na haki: kichwa kipo, maktaba ipo, kompaila imeridhika. Lakini kompaila huridhika kwa ahadi. Kichwa humwambia kwamba wito fulani upo mahali fulani, naye hukubali bila kuuliza. Linka ndiye aendaye mlangoni kuhakiki kwamba aliyeahidiwa yumo. Safari hii nikasoma kosa la kwanza bila kuambiwa, nikaisoma na amri yenyewe iliyolizaa, na katika amri hiyo nikaona zlib imetajwa mwanzo, mafaili ya programu yakafuata. Linka husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ikifika kwenye maktaba ya namna hii huchukua tu vile ambavyo mpaka hapo vimekwisha kuombwa, kisha huiacha na kuendelea; maktaba ikitangulia waombaji, hupitwa mikono mitupu. Katika Linux ya mpwa wangu mpangilio ule ulipita, kwa kuwa huko maktaba za pamoja huweza kuchukuliwa nzima hata zikitangulia. Kwenye Windows, ambako Cygwin huzifikia kupitia faili la uwakala, haukupita.

"Shikamoo, mjomba. Vipi tena?"

"Marahaba. Hili, baba, ni lako."

Nikamsomea amri ile polepole, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Kimya kilichofuata kilikuwa kitamu kuliko halua ya huko aliko. Kisha akasema, "Umesema kweli, mjomba, iweke mwisho."

Ushindi ulinilevya. Nikajiona fundi, nikaongeza kwa mkono wangu kifungu katika faili la maagizo ya make, ili programu ikimaliza kujengwa inakiliwe moja kwa moja kwenye folda ya diwani zangu, na make ikasimama pale pale ikidai kitenganishi kimekosekana. Katika faili hilo kila amri lazima itanguliwe na kitufe cha Tab. Nafasi 8 zilizopigwa kwa kidole, hata zikifanana nacho kama pacha, hazikubaliwi. Nasema jina la kitufe hicho lilitafsirika lenyewe siku lilipofika pwani: tabu. Stuart Feldman, aliyeiandika make katika maabara za Bell mwaka 1976, amesimulia waziwazi kwamba shauri lile la Tab lilikuwa la haraka, na wiki chache baadaye, alipotambua ubaya wake, alikwisha kuwa na watumiaji wapatao 12, wengi wao rafiki zake, akaona haya kuwaharibia kazi. Kwa kuwastahi rafiki 12 ametutaabisha sote kwa karibu nusu karne, na mimi simlaumu. Nimekulia katika mji ambao uchochoro mzima umepinda kwa sababu mtu mmoja zamani aliona haya kumwambia jirani asogeze ukuta.

Feldman aliibuni make baada ya mwenzake Steve Johnson kumjia amehamaki, akiwa ameipoteza asubuhi nzima akisaka kosa katika programu aliyokwisha kuisahihisha, kumbe faili lililosahihishwa halikujengwa upya. Ndiyo maana make hulinganisha saa: ikiwa msimbo ni mpya kuliko zao lake, hujenga, ikiwa ni wa zamani, hupita. Hekima hiyo yasimama juu ya saa ya kompyuta, na saa ya kompyuta yangu, umeme ukizimika, hutegemea kibetri cha mviringo mfano wa sarafu, ambacho kilikuwa kimekufa bila kuniaga. Umeme ulizimika Jumamosi, ukarudi, na make ikanionya kwamba mafaili yangu yameandikwa katika wakati ambao haujafika. Sikumpigia simu mtu. Nilikwenda dukani nikanunua betri.

Jumapili asubuhi ujenzi ulikwenda hadi mwisho bila neno. Nikaipa programu shairi langu mwenyewe, lile ninaloombwa kulisoma harusini kwa zaidi ya miaka thelathini, na ambalo wazee wawili wenye kuheshimika wameliita kamilifu mbele za watu. Ikayahesabu mabeti yote, ikarudisha 16, 16, 16, mfululizo wa kupendeza. Ila mstari mmoja wa beti ya tatu ikauandikia 17.

Nilikuwa nimekwisha kuishika simu ili nimwambie mpwa wangu kwamba programu yake haijui kuhesabu. Nikaiweka chini. Nikaurudia mstari ule kwa vidole, kuanzia neno la kwanza.

Ni 17.